Kengele Niliyoiita MTOTO

Bosi alitaka saa. Ile ya ukutani alishaichoka: kila mara betri, kila mara mtu apande ngazi katikati ya wateja, na bado ilichelewa. Siku aliyoleta kompyuta mpya dukani, yenye skrini pana kama sinia la pilau, aliniita kaunta.

"Binti, wewe si umesomea haya mambo? Niwekee saa humu. Kubwa. Mtu akiwa kule mwisho kwenye mabeseni aione. Na ilie."

"Ilie vipi, bosi?"

"Ilie tu. Saa ya chai ilie, saa ya kula ilie, saa ya kufunga ilie. Nyie mkiachwa hivi hivi, chai inaisha saa sita."

Sikuona ubaya. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, natokea Magomeni kila asubuhi nikiwa na cheti changu cha kompyuta ambacho hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, na leo mtu ananiuliza. Nilifurahi kama mjinga. Naandika haya nikiwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni kwa yule msichana aliyefurahi.

Duka lilikuwa la jumla, Kariakoo, la vyombo vya plastiki: ndoo, majagi, mabeseni, chupa za chai zilizopangwa mpaka darini. Tulikuwa watatu chini ya bosi. Mimi nilikuwa wa kompyuta na risiti. Mzee wa stoo alikuwepo tangu enzi za baba yake bosi. Na kaunta alikuwepo dada mmoja aliyenizidi miaka kama saba, ambaye sote tulimwita Mama Kichanga, kwa sababu alikuwa ametoka likizo ya uzazi juzi juzi na mtoto wake alikuwa na miezi mitatu na ushee.

Programu ya saa niliipata bure mtandaoni. Nilikaa nayo mchana mzima, kati ya risiti moja na nyingine. Ilikuwa na nyuso nyingi: za mishale, za tarakimu, nyingine unaona mpaka picha iliyo nyuma yake. Nilianza na tarakimu za kijani, bosi akasema duka limekuwa kituo cha mafuta. Nikaweka nyeupe juu ya bluu. Nikazikuza mpaka zikajaza nusu ya skrini. Kisha nikagundua kwamba unaweza kuisogeza saa ya usoni mbele au nyuma, kwa ajili ya watu wanaotaka kujua saa ya nchi nyingine. Nikairudisha nyuma masaa sita. Badala ya kuandika kumi asubuhi, ikaandika nne, kama sisi tunavyosema.

Mzee wa stoo alisimama mbele ya skrini na boksi la majagi begani. "Alaa! Hii sasa imejifunza Kiswahili."

"Shikamoo nayo itakupa, mzee, subiri kidogo."

"Niwekee basi na ya Adhuhuri. Lakini isiwe kengele ya shule. Iwe ya adabu."

Kila kengele ilikuwa na jina lake, muda wake, siku zake, sauti yake, na ujumbe wa kuandika mwenyewe. Nikaweka CHAI. Nikaweka ADHUHURI, yenye sauti laini kama ya kijiko kikigusa glasi. Nikaweka CHAKULA na KUFUNGA. Halafu nikamtazama Mama Kichanga.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Saa nne asubuhi na saa saba mchana, mama yake alimleta mtoto kwa miguu kutoka Mchikichini, mwavuli mkono mmoja, mtoto mgongoni. Ng'ambo ya mtaa kulikuwa na duka la mashuka la mama mmoja wa Kiarabu. Huyo alikuwa ametundika shuka nyuma kule kama pazia, akaweka na kigoda, akamwambia Mama Kichanga, "Njoo hapa, binti yangu, usinyonyeshee barabarani." Bosi alijua. Siku Mama Kichanga aliporudi kazini, bosi mwenyewe alimwambia mbele yetu, "Nenda kamnyonyeshe, mimi si mnyama."

Tatizo lilikuwa wateja. Watu wa mikoani wakijaa, kila mmoja anataka dazeni zake zihesabiwe haraka akawahi basi, Mama Kichanga alijisahau, au aliogopa kumwacha mtu katikati. Bibi anasubiri na mtoto analia.

"Dada, nikuwekee ya kwako," nilimwambia.

"Ya nini?"

"Ya mtoto. Ikifika saa nne ikukumbushe."

Alifikiri kidogo. "Isije ikaniletea maneno, mdogo wangu."

"Maneno gani? Ndege tu wataimba."

Nikaiita MTOTO. Nikaiandika kwa herufi kubwa kama nyingine zote. Nikachagua sauti ya ndege, na nikaweka ndege wengine wa kuimba nusu saa baadaye, wa kumwambia arudi. Hii ya pili ilikuwa na kidirisha kilichobaki kwenye skrini mpaka mtu akibofye. Nikamfundisha: ukifika tu, bofya hapa, kinaondoka. Na mwisho kabisa, chini ya orodha, palikuwa na kisanduku kidogo cha kuhifadhi kumbukumbu. Nikakitiki. Sikuwa na sababu. Nilikuwa natiki kila kitu siku hiyo.

Kwa miezi miwili ile saa ilikuwa kama mtu wa tano dukani. Ndege wakiimba, hata wateja waliozoea walisema, "Mama, mtoto huyo." Anafungua mkanda wa aproni, anavuka mtaa akikwepa mikokoteni, anarudi uso umepoa, anabofya kidirisha chake, anaendelea na mabeseni. Bosi mwenyewe hakuwepo, asubuhi wala mchana. Alikuwa anashinda bandarini na ghalani kufuatilia mizigo yake.

Kisha mzigo wake mmoja ukakwama, akawa hana pa kwenda, akakaa dukani wiki nzima. Mtu mwenye hasira ya bandarini akikaa kwenye kiti kimoja wiki nzima lazima aitoe mahali.

Siku ya kwanza ndege waliimba, Mama Kichanga akavuka. Bosi akainua kichwa.

"Hao ndege ni wa nini?"

"Ni kengele ya kunyonyesha, bosi," nikasema. "Nimemwekea."

"Ati? Hebu nionyeshe."

Nikamwonyesha. Hapa ndipo ninapotaka kujizaba kofi. Hakunilazimisha, hakunitisha. Aliuliza tu, na mimi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniuliza kazi yangu inafanyaje kazi, nikamvutia kiti. Nikamfungulia orodha. Nikamwonyesha unavyobadilisha sauti, unavyochagua siku. Nikamwonyesha kidirisha cha kurudi. Halafu nikasema, kwa kinywa changu mwenyewe, "Na humu inaweka kumbukumbu. Ona, kila siku imeandika kengele ililia saa ngapi na ilizimwa saa ngapi."

Bosi akasogea karibu na skrini. Akashusha orodha taratibu kwa mausi, kuanzia juu mpaka chini, midomo ikitembea.

"Printi," akasema.

Ndipo nikaelewa, na nilikuwa nimechelewa.

"Bosi, hiyo si..."

"Nimesema printi."

Mama Kichanga aliporudi, alikuta kidirisha chake kikimngoja kwenye skrini. Akanyoosha mkono kukibofya kama kawaida. Bosi akamzuia kwa karatasi.

"Subiri. Jumatatu iliyopita, umezidisha dakika nane. Jumanne kumi na mbili. Jumatano asubuhi tano, mchana tisa." Alisoma kwa sauti. Dukani kulikuwa na wateja sita au saba, mmoja wao mwanamume aliyeshika ndoo mbili, akawa anasikiliza kama taarifa ya habari. "Alhamisi kumi na moja. Unataka niendelee?"

"Bosi, wewe mwenyewe uliniruhusu."

"Nilikuruhusu kunyonyesha. Sikukuruhusu kwenda kupiga soga kwa Waarabu."

"Mtoto hanyonyi kwa saa. Siku nyingine analala katikati, inabidi umwamshe. Siku nyingine anacheua, umbadilishe."

"Basi aanze kujifunza saa."

Kuna mteja alicheka. Nilimwona. Mama Kichanga hakumtazama bosi tena, alinitazama mimi. Kisha akainama chini ya kaunta akatoa aproni yake, akaifunga, akaanza kuhesabu mabeseni ya mteja aliyefuata.

Bosi akanigeukia. "Hii ya saa nne futa. Atatoka saa saba, dakika ishirini, basi."

Nilipaswa kukataa. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Badala yake nikashika mausi, nikachagua MTOTO, nikabofya kufuta. Programu ikaniuliza kama nina uhakika. Mashine ile haikuwa na akili wala moyo, lakini iliniuliza, na ndiyo peke yake dukani iliyouliza. Nikabofya ndiyo.

Kengele mpya ya dakika ishirini bosi aliiweka mwenyewe, kwa kuwa, alisema, haniamini. Akaandika saba. Programu usoni ilisoma Kiswahili lakini tumboni ilihesabu Kizungu, kwa hiyo kesho yake ikalia saa moja asubuhi, sisi ndio kwanza tunainua milango ya chuma. King'ora, si ndege. Mzee wa stoo nusura aangushe kufuli mguuni. Bosi alipoelezwa alisema nimeiharibu makusudi. Sikuwa nimeiharibu. Ningekuwa nimeiharibu, leo ningelala vizuri.

Siku ile ile, saa nne, bibi akaja. Mama Kichanga alikuwa amemwambia asije mpaka saa saba, maziwa amemkamulia mtoto kwenye kikombe, amnyweshe kwa kijiko. Alijaribu. Mtoto alikataa kijiko, akalia mpaka sauti ikakauka, na bibi hakujua la kufanya isipokuwa lile alilolizoea. Akamfunga mgongoni, akavuka kutoka Mchikichini na mwavuli wake, akasimama kwenye kibaraza cha duka la mashuka.

Tulimsikia mtoto kabla ya kumwona bibi. Kariakoo ina kelele za kila aina, wapiga debe, spika za wauza dawa za mende, mikokoteni, lakini kilio kile kilipita katikati ya vyote kikaingia dukani. Mama Kichanga alikuwa anampangia mteja majagi. Mikono yake ikasimama. Nikaona gauni lake mbele linalowa. Duara moja, kisha la pili. Akaivuta aproni juu, aproni nayo ikalowa. Mteja, kijana wa watu, akageuza macho akajifanya anasoma bei.

"Bosi," akasema polepole, "naomba niende."

Bosi akaitazama skrini. Tarakimu zangu nyeupe, kubwa, za kuonekana mpaka kwenye mabeseni.

"Saa bado."

Nikamtazama mzee wa stoo. Yule mzee alimjua bosi tangu akiwa mtoto wa kaptula. Neno lake moja lingetosha. Aliinua boksi ambalo halikuwa na pa kwenda, akaingia nalo stoo. Mpaka leo nikimkumbuka namuonea huruma na kumkasirikia, na siwezi kusema kipi kimezidi.

Sijui nilisimama saa ngapi. Najua kiti kilianguka.

"Mwache aende!" Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Humwoni? Humsikii mtoto? Unasoma saa niliyoiweka mimi, kwa mkono wangu, unamwambia bado? Bado nini? Mtoto ana njaa sasa hivi!"

"Kaa chini."

"Sikai! Hiyo saa si ya kumfungia mtu maziwa kifuani. Ningejua ningeivunja."

"Binti, unaongea na nani?"

"Naongea na wewe! Ulisema wewe si mnyama!"

Mlangoni wapita njia wawili watatu walikuwa wamesimama. Na Mama Kichanga, ambaye nilidhani nampigania, alinishika mkono akaukaza mpaka ukauma.

"Usinigombanishe, mdogo wangu," akasema chini chini. "Kazi ni yangu, si yako."

Aliniacha. Akafungua mkanda wa aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kaunta mbele ya bosi. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Naenda kumnyonyesha mwanangu. Nikirudi utaniambia unalotaka kuniambia."

Akatoka. Bosi hakusubiri arudi. Alichukua mkoba wa Mama Kichanga kutoka chini ya kaunta, kanga yake, na kopo la chakula chake cha mchana, akavipanga kwenye ngazi za nje kama bidhaa. Mama mwenye duka la mashuka ndiye aliyevuka mtaa kuja kuviokota, huku akimkazia macho bosi mpaka bosi akageuka.

Mimi hakunifukuza. Alinihitaji kwa risiti. "Wewe kaa," alisema, "tutazungumza baadaye." Na mimi nikakaa. Nilipiga kelele ile yote, halafu nikaokota kiti changu nikakaa, kwa sababu nyumbani Magomeni kuna watu walionitegemea. Nilikaa wiki nne nyingine. Kila saa nne asubuhi nilisubiri ndege ambao nilishawafuta mwenyewe.

Mama Kichanga alikwenda kulalamika kwenye ofisi ya usuluhishi wa mambo ya kazi. Mama wa mashuka ndiye aliyemsindikiza siku ya kwanza, kwa kuwa Mama Kichanga alikuwa anaona haya kuingia ofisi za watu. Wiki ya nne waliitwa, na mimi nikaitwa kama shahidi. Niliomba ruhusa nikanyimwa, nikaenda.

Bosi alikuja na ile karatasi. Aliiweka mezani kwa majigambo, mistari ya ucheleweshaji amepaka rangi ya njano. Msuluhishi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba. Aliisoma yote. Akachukua kalamu, akajumlisha pembeni, siku moja baada ya nyingine.

"Hii umeileta wewe?"

"Ndiyo. Ni ushahidi. Kompyuta haidanganyi."

"Haidanganyi kweli. Sheria inampa mama anayenyonyesha mpaka masaa mawili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Hapa hakuna hata siku moja aliyoyafikisha. Siku mbaya kuliko zote bado alikuwa anakudai dakika zaidi ya thelathini." Akaivua miwani. "Sasa niambie, ulimfukuza kwa kosa gani?"

Bosi akaanza kueleza habari za heshima, na wateja, na mimi. Sikufurahi. Watu wananiambia ningepaswa kufurahi. Nilikuwa nafikiria kwamba masaa mawili yale yalikuwepo siku zote, yameandikwa mahali, na hakuna hata mmoja wetu dukani aliyeyajua, na mimi niliyejigamba kwamba nimesoma nilikuwa nimempa nusu saa na ndege.

Bosi aliambiwa amrudishe au amlipe haki zake. Mama Kichanga akasema harudi. Kesho yake asubuhi nilifika dukani nikawasha kompyuta, nikaandika nywila yangu. Ikakataa. Nikaandika tena. Bosi alikuwa amesimama mlangoni anachokonoa meno, ananitazama najaribu mara ya tatu. Nikachukua mkoba wangu.

Miezi ilipita kabla sijapata ujasiri wa kwenda kwenye duka la mashuka. Mama Kichanga alikuwa anafanya kazi pale, na mtoto alikuwa amekua, anatambaa kati ya marobota, ameweka ncha ya foronya mdomoni. Nilimsalimia mama mwenye duka, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akatupisha.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nikasema ile kengele niliiweka kwa nia njema. Nikasema nilikuwa sijui kumbukumbu zile zitatumika vile. Nikasema nimekuja kuomba radhi.

Aliendelea kukunja shuka. "Kengele haikunikasirisha," akasema. "Ilinisaidia ile kengele. Na kufuta uliambiwa ufute, ungefanyaje."

"Sasa ni nini, dada?"

"Nilikuwa nimesimama mlangoni siku ile. Nilirudi mapema kidogo kuliko ulivyoniona. Nikakukuta unamwelekeza." Akanyoosha pindo la shuka kwa kiganja. "Ulikuwa unamwelekeza vizuri sana. Hata mimi hukunielekeza hivyo."

Mteja aliingia akiulizia mashuka ya sita kwa sita, ya maua, na Mama Kichanga akaenda kumtolea. Nikainama nikamtoa mtoto foronya mdomoni. Akanitazama, akakunja uso, akaanza kulia, na nikambeba nikiwa nimesimama pale katikati ya duka la watu, nambembeleza, huku nimejikasirikia mpaka masikio yanawaka.